Mwalimu Kasyoka Atoka Mtoni

Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba 2025, saa kumi jioni, Mwalimu Kasyoka Munyoki atastaafu kutoka Redio Ukingo ya hapa Garissa baada ya utumishi wa miaka ishirini na miwili. Kutakuwa na keki. Kutakuwa na hotuba ya meneja wetu, Bi. Gatwiri, aliye nasi kwa miezi kumi na minne sasa na ambaye hadi juzi alidhani mstaafu anatoka Meru. Kutakuwa na zawadi pia. Mwandishi ameagizwa asiitaje ili mstaafu ashtukizwe, basi hatasema kwamba ni saa ya ukutani, wala kwamba mstaafu mwenyewe ndiye aliyetumwa dukani kwenda kuichukua. Sherehe itafanyika uani, chini ya turubai, na wote mnakaribishwa.

Mwandishi mwenyewe ni Muriuki, fundi wa mitambo, mtu wa nyuma ya kioo. Ameombwa aandike kwa lugha safi na kwa uchangamfu, kwa kuwa amefanya kazi na mstaafu tangu siku ya kwanza. Hilo ni kweli. Lakini kufanya kazi na mtu miaka ishirini na miwili si sawa na kumpenda, na wasomaji watamwia radhi pale kalamu itakapoteleza. Tena kuna jambo ambalo keki haitalitatua, nalo afadhali lisemwe mapema. Kuanzia Jumatatu ya tarehe 3 Novemba, mvua za deyr, yaani za vuli, zikiwa ndiyo kwanza zinaanza, hakuna mtu aliyepangwa na ofisi kuingia mtoni asubuhi.

Tutafika huko. Tuanze na ubingwa, maana mstaafu hajawahi kuanza na kitu kingine.

Kasyoka alizaliwa mwaka 1965, baba yake akiwa mtunza bwawa la kuogelea la hoteli moja ya Nairobi. Kila alfajiri, kabla wageni hawajaamka, mzee alimruhusu binti yake aingie majini kwa sharti asipige kelele. Binti alilitii sharti hilo miaka kumi na zaidi, na inaelekea kelele zote alizozizuia alikuwa akituwekea sisi akiba. Mwaka 1986 alishinda ubingwa wa taifa wa wanawake, mita mia mbili, mtindo wa chura. Mwaka uliofuata akashinda tena. Mwandishi, kwa moyo usio na nia njema hata kidogo, aliwahi kufanya utafiti wake akagundua kwamba fainali ya mwaka 1986 ilikuwa na waogeleaji watano, na mmoja wao alikuwa na mafua. Alipomweleza mstaafu ugunduzi huo alijibiwa, "Ungekuwepo wewe, Muriuki, ungekuwa wa sita." Mazungumzo yakaishia hapo.

Medali ya kwanza imetundikwa kwenye msumari juu ya maikrofoni ya studio hadi leo. Ni ya dhahabu, kwa maelezo ya mwenyewe. Imeota kutu ya kijani, jambo ambalo mwandishi hakujua kwamba dhahabu huweza kulifanya. Mgeni yeyote aliyeingia studio, awe daktari, awe mfugaji, awe afisa wa kilimo, ilibidi aiulizie kwanza ndipo aulizwe lililomleta.

Baada ya chuo cha ualimu ikaja hekima ya serikali. Mwaka 1990 bingwa wa taifa wa kuogelea alipelekwa kufundisha michezo katika shule ya msingi huko Eldas, Wajir, mahali ambapo maji yalitoka kisimani yakafika shuleni mgongoni mwa punda, na mtoto aliyemwaga kikombe kimoja aliitiwa mzazi. Mtu mwingine angeandika barua ya kuomba uhamisho. Kasyoka alipanga madawati mistari miwili, akawalaza watoto kifudifudi juu yake, akawafundisha kupiga mikono na miguu huku akipita katikati na filimbi. Mkaguzi wa shule alifika siku moja akauliza hicho ni kitu gani. "Ni somo la kuogelea," akajibiwa. "Maji yanafuata."

Maji hayakufuata. Alikaa Eldas miaka saba hivyo hivyo, na leo wako watu wazima, madereva wa malori na wauza mifugo, wanaoujua mtindo wa chura vizuri sana alimradi wasilowe. Wanampigia simu redioni wakijiita wanafunzi wa bingwa, naye anawauliza hewani kama bado wanakumbuka kupumua.

Mwaka 1997 alihamishiwa Garissa mjini, na mwaka 2003 akafika Redio Ukingo kwa miguu yake mwenyewe. Hakuja kuomba kazi. Alikuja kutugombeza, kwa sababu taarifa yetu ya michezo ilikuwa imesema kwamba kuogelea ni mchezo wa matajiri. Aligomba mapokezi kwa dakika ishirini bila kurudia neno. Meneja wa wakati huo, mtu mpole aliyependa utulivu, alimpa maikrofoni ili anyamaze. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote yaliyowahi kufanywa katika jengo hili, na tumekuwa na makosa mengi.

Tangu hapo kila kulipopambazuka, kuanzia Garissa hadi Bura, watu waliamka kwa maneno yale yale: "Hapa ni bingwa wako." Hakusema jina. Alidhani hakuna bingwa mwingine, na kwa kweli upande wetu huu wa nchi hakuwepo. Kila jambo chini ya jua kwake lilikuwa ni kuogelea. Ukiuliza bei ya vitunguu, atakwambia usimalize pumzi mita hamsini za kwanza. Mwanamume mmoja alipiga simu kulalamika kwamba mkewe amerudi kwao, akaambiwa kwamba shida yake ni kukunja magoti kabla ya wakati. Mwandishi alikuwa nyuma ya kioo na anakumbuka vizuri kwamba yule mwanamume alishukuru. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu wetu alisifiwa na kaunti tatu.

Basi, tuje mtoni.

Kwa wasiotujua, mto Tana hapa Garissa haufuriki kwa mvua ya hapa. Mvua hunyesha juu milimani, mabwawa yakajaa, na siku chache baadaye maji yanatufikia jua likiwaka, mbingu nyeupe, bila wingu hata la kusingiziwa. Wakulima wa kingoni wana injini za kuvuta maji zilizokaa chini kabisa, karibu na mto. Wafugaji wa Fafi wanaleta mbuzi na ngamia kunywa. Maji yanayopita kwetu leo yanafika Bura kesho. Zamani zile kina cha mto kilitangazwa na ofisi moja isiyo na haja ya kutajwa, kwa mita, kwa Kiingereza, kwa barua, na barua ilifika mafuriko yakiwa yameshapita yakaacha samaki jikoni mwa watu.

Mwaka 2004 Kasyoka aliichoka ile barua. Akaenda mtoni alfajiri, mahali pamoja palepale chini ya kituo cha injini, akaingia na dera lake, akasimama, akatoka, akapiga simu studio. "Leo mto uko kwenye goti langu," akatangaza. Watu wakaelewa papo hapo. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Haikuchukua muda kila mtu alikuwa ameshapanga sheria zake: mto ukifika kiunoni, pandisha injini, ukifika kifuani, usilete mifugo, ukifika shingoni, beba watoto uondoke. Wataalamu walicheka sana. Kuhusu mamba alisema kwamba bingwa hafukuzwi majini na mnyama asiyejua mtindo hata mmoja. Mwandishi anaamini kwamba mamba nao walikuwa na redio, na walikuwa wamechoka kumsikia.

Wiki ya tatu mto ukapanda. Saa kumi na mbili asubuhi, katika kila nyumba yenye redio, ikatangazwa kwamba maji yamefika kwenye kifua cha Mwalimu Kasyoka. Kufikia saa mbili wazee sita walikuwa wameketi mapokezi. Walikunywa chai, wakaulizia afya ya kila mtu, wakasifu redio. Kisha Mzee Salah, aliyekuwa msemaji wao, akasema kwa upole, "Mwalimu, hii habari ya mto ni fizuri, Mungu akubariki. Lakini kifua ya mama ya watu sisi hatutaki sikia kabla ya chai. Tafuta kifua ingine."

Kikafanyika kikao cha wafanyakazi kutafuta kifua kingine. Alichaguliwa Shurie, askari wetu wa lango, kwa sababu mbili: urefu wake ni wa watu wengi, na siku hiyo hakuwepo kikaoni. Shurie anatoka Hadado, Wajir. Hadi siku ile hakuwahi kuingia katika maji yaliyompita kifundo cha mguu, na hakuwa na mpango huo. Alikubali kwa sharti moja, kwamba afungwe kamba kiunoni, kamba ya ngamia, si ya duka.

Mara za kwanza kamba ile ilishikwa na vijana wawili wenye misuli waliosimama ukingoni. Kasyoka alisimama kando akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyemwomba. Asubuhi ya nne gogo jeusi lilitokea juu ya mto likielea. Mmoja akasema ni mamba. Vijana wote wawili wakaachia kamba wakakimbia hadi barabarani, Shurie akabaki na gogo. Kasyoka akajitosa na dera lake, akaikamata ncha ya kamba, akamvuta hadi nchi kavu akiwa hai na akisoma dua zote alizozijua.

Shurie aliketi kwenye mchanga akafungua fundo la kamba. Kisha akasema maneno ambayo sisi wa Redio Ukingo tunayajua kwa moyo: "Mtu mkafu naachia kamba. Mimi nataka mtu iko ndani ya maji." Tangu siku hiyo hakukubali kufungwa na mtu mkavu aliyesimama ukingoni, awe nani. Ncha moja ilifungwa kiunoni mwake, ncha ya pili kiunoni mwa Kasyoka, na kati yao hatua tisa, maana si mkewe wala si dada yake na hapakuwa na ruhusa ya kushikana mikono. Shurie alisimama mahali pa kipimo. Mwalimu alisimama palipo kina zaidi, upande unaochukuliwa na maji. Shurie akamwita walaal, yaani ndugu, na hakuna mzee aliyekuja kulalamika tena.

Wamefanya hivyo miaka ishirini na mmoja. "Mto uko kwenye magoti ya Shurie." "Mto uko kwenye kiuno cha Shurie." Sokoni watu wakaanza kusema bei ya ng'ombe imefika kifuani mwa Shurie, na deni la duka limefika shingoni mwake. Akawa mashuhuri kuliko madiwani. Bingwa wetu hakufurahia sana jambo hilo. Alikuwa akitangaza kipimo cha Shurie kisha anaongeza kwamba upande wake yeye maji yalikuwa marefu zaidi, taarifa isiyomsaidia mkulima yeyote.

Wakaja wafadhili, kama wajavyo. Shirika moja lilisimika mtoni mlingoti wa chuma wenye rangi nyekundu na nyeupe na namba za mita, likafunga mahema, likaleta viti vya plastiki na mgeni wa heshima. Kasyoka aliambiwa sasa apumzike, sayansi imefika. Tukatangaza mita mbili na nusu. Simu ya kwanza ilitoka Bura, mzee mmoja mwenye sauti ya usingizi. Aliuliza mita mbili na nusu ni wapi ya Shurie. Hakuna mtaalamu aliyeweza kumjibu. Mlingoti wenyewe ulidumu hadi mafuriko ya kwanza, na mara ya mwisho kuonekana ulikuwa unaelekea Garsen. Viti vya plastiki tunavyo bado.

Halafu kuna Kim. Kim ni mtangazaji wetu wa muziki, kijana wa Nairobi, mtu mzuri na mrefu mno, anayeinama kila mlango. Aprili mwaka huu bega la Mwalimu lilimlaza hospitalini wiki nzima, na Bi. Gatwiri akamtuma Kim mtoni. Shurie alikataa kufungwa naye, kwa hiyo Kim akaingia peke yake, akasimama mahali pa kipimo, akatazama alipofikia maji, akapiga simu. "Wasee, leo mto uko kwenye kiuno," akatangaza, akaomba watu wachangamke. Hakudanganya. Maji yalikuwa kwenye kiuno. Lakini kiuno cha Kim ni kifua cha Shurie, na watu waliosikia kiuno walileta mbuzi.

Mbuzi kumi na mmoja walichukuliwa na maji asubuhi hiyo. Injini ya Mama Batula, ambaye shamba lake la ndizi linasomesha watoto wanne, ilizama pale pale ilipokuwa ikipandishwa, kwa sababu alidhani ana muda. Saa tano alifika ofisini akiwa amelowa hadi mabegani, akaweka juu ya meza ya meneja mkono wa kuwashia injini, kitu pekee alichookoa. Bi. Gatwiri akamweleza kwamba taarifa ilikuwa sahihi. Mama Batula akamwangalia. "Kiuno ya nani?" akauliza. Aliuliza mara tatu, bila kupaza sauti, kisha akaondoka. Ule mkono wa injini bado uko juu ya kabati la faili.

Mtu angedhani tungejifunza. Sisi tuliunda kamati. Kamati ikaamua kwamba Mwalimu akistaafu, kipindi cha saa kumi na mbili kipewe Kim na muziki wake, ambao una watangaza biashara, ila kama simu ya mtoni itaingia kwa wakati, basi kipimo kisomwe kwanza. Ni nani atakayepiga hiyo simu, kamati haikusema. Shurie aliitwa, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akasema yuko tayari kuendelea, mradi ncha ya pili ya kamba iwe na mtu majini. Meneja akauliza nani anajitolea. Msoma habari akakumbuka kwamba ana kifua. Mtangazaji wa michezo, ambaye hutuambia kila Jumamosi jinsi wachezaji wanavyokosa moyo wa kujituma, alipokea simu ambayo haikulia. Watu wote tukatazama sakafu, na sakafu ile haina chochote cha kutazamwa.

Nimeandika "tukatazama". Naona sasa ni vigumu kuendelea kujiita mwandishi kana kwamba nazungumzia mtu mwingine, kwa hiyo nitaacha. Nilikuwepo. Nilitazama sakafu kwa muda mrefu kuliko wote.

Na mimi ndiye niliyejua maumivu ya lile bega yalitoka wapi. Zaidi ya Shurie hakuna mwingine aliyejua, kwa sababu mstaafu wetu, mwenye mdomo mkubwa kuliko mto, aliyetusimulia fainali ya mwaka 1986 mpaka tukaota tunaiogelea, hakuwahi kulitaja jambo hili hata mara moja.

Ilikuwa Mei mwaka jana, mto ukiwa umevimba wiki nzima. Desturi yake ilikuwa kunipigia simu kabla ya kuingia majini, kuiacha simu juu ya jiwe ukingoni laini ikiwa wazi, kisha akitoka aseme kipimo. Kwa hiyo nilikuwa na masikio yangu mtoni na makalio yangu kwenye kiti. Nilimsikia Shurie akisema, "Walaal, miguu hakuna." Nikamsikia akiita mara ya pili, mbali zaidi. Nikamsikia Mwalimu akisema neno moja kwa Kikamba. Baada ya hapo ilikuwa sauti ya maji tu. Nilitazama saa ya studio. Saa kumi na mbili kamili ikafika bado nikisikia maji yale tu. Redio haitakiwi kukaa kimya, hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa katika kazi hii. Nikaweka muziki.

Sikuondoka kitini. Kutoka studio hadi mtoni ni mwendo wa dakika sita kwa pikipiki, na pikipiki yangu ilikuwa mlangoni. Niliketi nikisikiliza kwa sikio moja wimbo na kwa jingine mto, na nilikuwa nimeshaamua kwamba wamekufa. Nilifikiria nitakavyoitangaza. Nilichagua hata maneno.

Dakika ya tisa simu iliokotwa. Mtu alikuwa anahema. Kisha ile sauti iliyoniudhi miaka yote ikasema, "Zima huo upuuzi, niweke hewani." Nikazima. Akasema mto uko juu ya shingo ya Shurie, watu wa kingoni watoke sasa hivi, watu wa Bura wana siku moja, wasingoje kuona maji. Akarudia mara tatu. Hakusema "bingwa wako". Alikuwa ameburutwa na maji hatua mia moja akiwa amefungwa na mwanamume mzima asiyejua kuogelea, na amemtoa kwa mkono mmoja, kwa sababu mwingine ulichomoka begani kamba ilipokazika. Niliyajua hayo baadaye kutoka kwa Shurie. Watu wa Bura waliondoka jioni ile ile, na maji yalipofika yalikuta nyumba tupu.

Kesho yake aliingia studio mkono ukiwa kwenye kitambaa, akasema ameteleza bafuni. Alinitazama kupitia kioo. Nilijua anajua. "Muriuki," akasema, "wimbo ule ulikuwa mbaya sana." Hajalizungumza tena hadi leo. Mimi nami nimeendelea kumcheka kuhusu ile medali, maana ilikuwa rahisi kuliko kuomba msamaha.

Nimeandika kurasa hizi zote kwa dharau kwa sababu hiyo ndiyo lugha niliyoizoea. Ni lugha ya mtu aliyekaa ndani. Nimewadharau wafadhili, kamati, Kim, na zaidi ya wote yeye, na kwa miaka ishirini na miwili sikuwahi kulowa hata ukosi wa shati. Naomba radhi, Mwalimu. Nimechelewa, na ninaona aibu kukuomba kwenye programu ya keki.

Jioni ya siku ya kile kikao cha kamati nilikwenda langoni nikamwambia Shurie nitashika ncha ya pili. Hakushangilia. Alinizunguka kwanza, akanipima kwa macho kama mtu anayenunua ndama. Tangu hapo Mwalimu amekuwa akinifundisha kila jioni katika tangi la kumwagilia la Mama Batula, ambaye huleta kiti, akaketi, akatazama, na kunipa maoni yake kwa Kisomali. Baada ya wiki tatu naweza kuelea muda wa kusema Baba Yetu, nikiisema haraka. Mwalimu anasema ninapumua vibaya. Nami naanza upya.

Alhamisi iliyopita tuliingia mtoni kwa mara ya kwanza. Mwalimu alisimama ukingoni, mkono mbaya umekunjwa, na nilimwona anavyoteseka kuwa mkavu. Shurie alinifunga mwenyewe. Tulipofika majini akageuka. "Muriuki, kwani wewe unajua kuogelea?" akauliza. Nikamwambia ukweli, kwamba sijui, najua kuelea kidogo. "Mimi pia sijui," akasema, akaikaza kamba mara ya pili. Maji yalikuwa kwenye kiuno chake. Mimi upande wangu yalikuwa yamenifika shingoni, na nilitetemeka hadi kamba ikatetemeka, naye akaniuliza kama ninaona mamba. Tulitoka. Nilipiga simu studio, nikasema kipimo, na sauti yangu hewani haikuwa nzuri.

Mwalimu Kasyoka, taratibu zinataka sasa nikushukuru kwa niaba ya uongozi. Uongozi utakushukuru wenyewe, umeandika hotuba. Mimi nakushukuru kwa niaba ya waliopandisha injini, kwa niaba ya waliobeba watoto, na kwa niaba ya mwanamume mmoja aliyekuwa hatua tisa kutoka kwako na akarudi kwa wanawe. Umejenga Madogo, ng'ambo tu ya daraja, na tunajua unataka kufuga kuku na kulala hadi jua litoke. Lala. Umestahili. Maisha yako na yawe mema na marefu, na bega lako lipone.

Ila naogopa. Nalisema hapa kwa sababu uani nitashindwa kulisema. Jumatatu, saa kumi na mbili kasorobo, nitakuwa majini nimefungwa na Shurie, na mto umeanza kupanda. Saa kumi na mbili, kabla hujageukia upande wa pili, tafadhali washa redio. Ukisikia sauti yangu, endelea kulala. Ukisikia muziki, njoo.